Saa, mikono na ukungu: mwongozo kamili wa kuchambua ishara na usimulizi katika Great Expectations

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni niliandika kwenye insha kwamba saa zilizosimama nyumbani kwa Miss Havisham "zinaashiria kusimama kwa wakati". Insha ilirudi na maneno mawili ya wino mwekundu pembeni: "Halafu je?" Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nimesema kweli, tena kweli iliyokuwa kwenye kila kitini kilichouzwa pale stesheneri. Kosa langu lilikuwa kuitaja saa bila kumtaja anayeiangalia. Katika riwaya hii ya Charles Dickens, saa ile kwanza anaiangalia mtoto, baadaye kijana mwenye ndoto za kuoa, na wote wawili wanasimuliwa na mtu mzima ambaye tayari anajua walikosea. Ukiitenga ishara na macho yanayoiona, unabaki na orodha tu.

Kwa hiyo hapa ishara na usimulizi tutavifanya pamoja. Hatua hizi zitakufaa pia kwa riwaya za akina dada Brontë au za Thomas Hardy, lakini nimechagua kitabu kimoja ili tuone kazi ikifanyika. Kuhusu istilahi: kuna waliofundishwa kusema taashira, na wengine ishara au taswira. Nitasema "ishara". Wewe tumia neno la darasa lako.

Kabla hujashika kalamu

Kitabu kinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Kina sura 59 katika sehemu tatu: sura ya 1 hadi 19, 20 hadi 39, na 40 hadi 59. Kilitoka kwanza kipande kwa kipande kila wiki katika All the Year Round, jarida la Dickens mwenyewe, kuanzia tarehe 1 Desemba 1860 hadi tarehe 3 Agosti 1861. Hilo la kutoka kila wiki litatusaidia mbele.

Soma mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi tu. Usipigie mstari chochote, maana msomaji wa mara ya kwanza hupigia mstari kila kitu. Mara ya pili ndipo ufungue daftari, na uandike namba za sura badala ya namba za kurasa. Kurasa hubadilika kila toleo.

Kama uliisoma zamani: Pip ni yatima anayelelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi, karibu na vinamasi vya Kent. Akiwa mdogo anamsaidia mfungwa mtoro, Magwitch, kwa kumletea chakula na tupa ya kukatia pingu. Baadaye anaitwa kucheza nyumbani kwa Miss Havisham, bibi tajiri aliyeachwa siku ya harusi, na huko anampenda Estella, binti aliyelelewa ili awavunje wanaume mioyo. Kisha mtu asiyejulikana anatoa fedha ili Pip awe muungwana London. Pip anaamini ni Miss Havisham. Kumbe ni mfungwa yule.

Hatua ya kwanza: watenganishe Pip wawili

Watu wengi huandika "riwaya imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza" na kusonga mbele, kana kwamba kazi imekwisha. Nafsi ya kwanza hapa ni watu wawili: Pip anayeishi tukio na Pip anayelikumbuka miaka mingi baadaye. Chukua kalamu za rangi mbili. Bluu ni ya Pip mdogo, nyekundu ni ya Pip mkubwa. Pitia sura moja ukiuliza kila sentensi: hili limeonwa na nani, na limesemwa na nani?

Jaribu na ukurasa wa kwanza. Pip yuko makaburini. Hajawahi kuwaona wazazi wake wala picha yao, kwa hiyo anawabuni kutokana na maandishi ya jiwe la kaburi. Umbo la herufi za baba linamfanya aamini kwamba baba alikuwa mtu mpana na mnene mwenye nywele nyeusi zilizojikunja. Mama, ambaye jiwe linamtaja tu kuwa mke wa "aliyetajwa hapo juu", anamwona akilini kama mtu wa madoadoa usoni na mgonjwa mgonjwa. Sura ya 7 inaongeza kwamba hilo "juu" mtoto alilielewa kuwa ni sifa: baba amepandishwa kwenda mahali pema zaidi.

Msomaji anacheka, na ana haki. Lakini simama hapo. Mtoto ndiye anayetazama herufi, mtu mzima ndiye anayetuchekesha kwa maneno ambayo mtoto hana. Na jambo la kwanza kabisa tunaloonyeshwa kuhusu shujaa huyu ni kwamba anasoma alama vibaya. Ameona umbo akadhani ni maana. Andika hilo kwenye jalada la daftari lako, kwa sababu kitabu kizima kitalirudia kosa hilohilo kwa gharama kubwa zaidi.

Sasa ruka hadi sura ya 27. Joe anakuja London kumtembelea Pip, ambaye sasa ni kijana wa mjini. Msimulizi anakiri kwamba hakuingoja ziara hiyo kwa furaha, na kwamba kama angeweza kumzuia Joe asije kwa kulipa fedha, hakika angelipa. Kalamu gani hapo? Hisia ni ya bluu, ya kijana anayemwonea haya mtu aliyemlea. Ukali wa kukiri ni mwekundu, kwa sababu kijana mwenyewe asingethubutu kuyasema hayo waziwazi hata moyoni. Pip mkubwa anajishtaki mwenyewe kwa sentensi moja kavu, bila kutuomba tumhurumie, na ndiyo maana tunamhurumia.

Maneno madogo husaidia kumnasa Pip mkubwa. Katika sura ya 18 Joe anamwekea Pip mkono begani kwa wepesi, na msimulizi anasema kwamba mara nyingi tangu hapo amemfananisha na nyundo ya mvuke, ile inayoweza kumponda mtu au kuligusa ganda la yai bila kulivunja. Hilo "tangu hapo" ndilo la kukamata. Siku ile ya mkono, Pip hakuwa na tashbihi yoyote kichwani. Alikuwa akiwaza suti mpya.

Ila Pip mkubwa si mkweli wa kutueleza kila kitu. Anajua tangu ukurasa wa kwanza nani alitoa fedha, naye anakaa kimya hadi sura ya 39. Hadanganyi: anatupa kile tu alichokiona wakati ule, na anatuacha tukosee pamoja naye. Ukisoma mara ya pili, chora nyota kila anapotupitishia dalili. Sura ya 10, mgeni katika kilabu cha pombe anakoroga kinywaji chake kwa tupa, na Pip anaitambua kuwa ni ile ya Joe. Sura ya 11, nyumbani kwa Miss Havisham, mtoto anakutana kwenye ngazi na mtu mkubwa ambaye mkono wake unanukia sabuni ya manukato. Huyo ni Jaggers, wakili, na ndiye atakayekuja kutangaza habari ya fedha. Pip anaunganisha: Jaggers nimemwona kwa Miss Havisham, basi fedha ni za Miss Havisham. Dalili ilikuwa ya kweli, tafsiri ikawa ya uongo. Jaggers mwenyewe anampa somo katika sura ya 40: usiamini kitu kwa sura yake, amini ushahidi. Kwa mwanafunzi wa fasihi, sijaona ushauri bora kuliko huo, ingawa unatoka kwa wakili asiyependeka.

Hatua ya pili: kusanya vitu, usikusanye maana

Ukianza kwa kutafuta "ishara ya utajiri" utaipata kila mahali, na haitakusaidia. Anza na vitu vyenyewe. Gawa ukurasa safu nne: kitu, sura, nani anakiona au kukigusa, na anakielewaje. Safu ya nne ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo uchambuzi wenyewe.

Chagua kimoja ukifuate hadi mwisho. Mimi hupenda kuwafuatisha wanafunzi mikono, kwa sababu hawaitarajii. Sura ya 8, Estella anamcheka Pip kwa mikono yake ya kukwaruza na viatu vyake vizito. Pip anatoka uani, anaiangalia mikono yake, na anatuambia kwamba haikuwahi kumsumbua kabla ya hapo. Mkono ni uleule wa asubuhi. Kilichobadilika ni jicho, na jicho hilo ameazimwa na Estella.

Kuanzia hapo mikono inajaa kila mahali. Mjomba Pumblechook, aliyekuwa akimnyanyasa Pip utotoni, anasikia habari za fedha na hawezi kuacha kumshika mkono, tena na tena, akiomba ruhusa kila mara (sura ya 19). Jaggers ananawa kwa sabuni ya manukato kila anapomaliza na mteja, kama daktari anayetoka kwa mgonjwa (sura ya 26). Sura ya 39 Magwitch anarudi usiku wa dhoruba, ananyoosha mikono yote miwili, na Pip anasinyaa. Sura ya 48 Pip anatazama vidole vya Molly, mtumishi wa Jaggers, vikichezacheza kama vinafuma, na anakumbuka vidole vya Estella: hapo ndipo anapojua Molly ni mama wa Estella. Sura ya 49 mikono ya Pip inaungua akimwokoa Miss Havisham na moto. Kisha Magwitch anakamatwa, anahukumiwa, anakufa, na katika kurasa hizo Pip hamwachii mkono.

Angalia umbali tuliokwenda. Mkono ulianza kuwa kipimo cha tabaka: mlaini wa bwana, mgumu wa fundi. Ukapita kwa mnafiki na kwa mwoga wa uchafu. Ukaishia kuwa kitu cha kushika cha mtu anayekufa. Na mtu huyohuyo aliyesinyaa katika sura ya 39 ndiye anayekuwa wa mwisho kuuachia. Hujahitaji kusema "mikono inaashiria" hata mara moja. Safu ya nne imekusemea.

Hatua ya tatu: pima

Si kila kitu ni ishara. Mimi hutumia maswali matatu: Je, kinarudi? Kinaporudi, kimebadilika? Na je, kuna mhusika anayekishtukia kuliko kinavyostahili?

Tupa na pingu vinafaulu yote. Tupa inaibwa kwa Joe, inakata pingu, inarudi kilabuni mkononi mwa mgeni na kumwingia Pip kwenye ndoto. Pingu iliyokatwa inaokotwa kando ya dada yake Pip siku aliyopigwa kichwani akapooza (sura ya 16). Aliyempiga ni Orlick, kibarua wa Joe, lakini Pip anajiona kana kwamba silaha aliitoa yeye. Tendo la huruma la mtoto limezaa uhuru, hatia na, bila yeye kujua, utajiri. Mwishoni mwa sura ya 9 msimulizi alikwisha kutuomba tusimame tufikirie mnyororo mrefu, wa chuma au wa dhahabu, ambao usingemfunga mtu kama siku moja isingeunda pete yake ya kwanza. Msimulizi akikusimamisha hivyo, simama.

Kofia ya Joe katika sura ya 27 je? Anaitua ukingoni mwa rafu ya juu ya meko, inaanguka, anaidaka, inaanguka tena. Nimesoma insha zilizosema kofia ni "kuyumba kwa tabaka la chini". Mimi naiacha iwe kofia. Kazi yake ni kuchekesha na kutuonyesha Joe ambaye mikono yake, hodari kwenye fuawe, haijui la kufanya sebuleni. Kutambua kichekesho nako ni uchambuzi.

Hatua ya nne: rudisha ishara machoni pa mwenye kuona

Sasa turudi kwenye saa yangu ya aibu. Pip anaingia chumbani kwa Miss Havisham katika sura ya 8. Gauni la harusi limekuwa manjano, kiatu kimoja kiko mguuni na kingine mezani, na saa zote zimesimama saa tatu kasoro dakika ishirini. (Ukiandika insha kwa Kiingereza usisahau kugeuza hesabu ya saa. Limeshamkuta mwanafunzi wangu mmoja.) Mtoto anaona tu, haelewi. Anayeeleza ni Herbert, rafiki yake Pip wa London, katika sura ya 22: huo ndio wakati barua ya kuvunja uchumba ilipofika bibi arusi akiwa anavaa. Kati ya kuona na kuelezwa kuna sura 14, na kwa wasomaji wa 1861 hiyo ilikuwa ni wiki nyingi za kungoja.

Lakini maana nzito zaidi iko sura ya 29. Pip, sasa kijana, anaamini Miss Havisham amempangia yeye aifufue nyumba ile: afungulie jua, aziendeshe saa tena, awashe meko, aangushe utando wa buibui na amwoe binti mfalme. Soma hapo polepole. Anatafsiri ishara! Saa kwake zimekuwa ahadi, na yeye ndiye shujaa wa ngano atakayezitia ufunguo. Ni herufi za kaburini zilezile: ameona umbo, akaweka ndani yake kile alichokitaka. Msimulizi mkubwa, anayejua kwamba nyumba ile haikuwahi kumtolea hata senti ya uungwana wake, anaiacha ndoto iendelee kwa mbwembwe zote. Hicho ni kinaya, na hakionekani mpaka uwe umewatenganisha Pip wawili.

Nyumba yenyewe inaitwa Satis, Kilatini cha "tosha". Estella anaeleza kwamba jina hilo lilikusudiwa kusema kuwa mwenye nyumba hii asingetaka kitu kingine tena. Pip anatoka humo akitaka kila kitu. Na mwisho wake unatimia kwa neno la mwenyewe: Miss Havisham alisema katika sura ya 11, akigonga kwa fimbo meza yenye keki iliyooza, kwamba akifa atalazwa pale. Baada ya moto wa sura ya 49 kitanda chake kinawekwa juu ya meza ileile.

Hatua ya tano: neno moja la zama zao

Usijaze insha historia ya Malkia Victoria. Tafuta neno moja ambalo riwaya inaligombania, ulifungue. Hapa neno ni lile la Kiingereza tunaloweza kulitafsiri "muungwana", na sisi tuna bahati nalo. Katika pwani yetu muungwana alikuwa kwanza asiye mtumwa, mwenye nasaba. Kisha neno likahamia kwenye tabia, mtu wa staha na utu, awe na nasaba au asiwe nayo. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa katikati ya mvutano wa namna hiyohiyo, na Pip amenunuliwa maana ya kwanza kwa fedha za mfungwa aliyepelekwa New South Wales, Australia. Herbert anamnukuu baba yake katika sura ya 22: hakuna rangi ya vanishi inayoweza kuficha mishipa ya mbao, na kadiri unavyoipaka ndivyo mishipa inavyojitokeza. Pip anasikia, anaendelea kupaka. Anayefikia maana ya pili bila kuitafuta ni Joe, na Pip analitambua hilo katika sura ya 57, akiwa kitandani mgonjwa.

Hatua ya sita: aya

Linganisha hizi mbili. Ya kwanza ndiyo yangu ya zamani:

"Dickens ametumia ishara ya saa. Saa zilizosimama zinaashiria kusimama kwa wakati na huzuni ya Miss Havisham. Pia ametumia ishara ya keki, ambayo inaashiria kuoza kwa mapenzi."

Ya pili:

"Saa za Satis zinasomwa mara mbili na Pip, na mara zote vibaya. Mtoto wa sura ya 8 anaona mishale imesimama bila kujua kwa nini. Kijana wa sura ya 29 anadhani zimesimama zikimngoja yeye. Msimulizi, ambaye tayari anajua mfadhili ni Magwitch, hakatizi ndoto hiyo, na kimya chake ndicho kinachoifanya saa iwe kipimo cha upofu wa Pip kabla ya kuwa kipimo cha huzuni ya Miss Havisham."

Aya ya pili ina kitu kimoja tu, sura mbili, mwenye kuona, mwenye kusema, na dai ambalo mtu anaweza kulipinga. Kama hakuna anayeweza kupinga sentensi yako, huenda hujasema kitu. Keki iache kwa ajili ya aya nyingine, au iache kabisa.

Hatua ya saba: chunguza mwisho, na uulize ni upi

Ukungu unafunga sehemu ya kwanza: Pip anaondoka kijijini, ukungu wa asubuhi unainuka, dunia imetandazwa mbele yake. Anaona ni dalili njema. Katika sura ya 59 ukungu wa jioni unainuka Pip na Estella wakitoka kwenye magofu ya Satis, na msimulizi mwenyewe anaukumbuka ule wa asubuhi. Pip ameshika mkono wa Estella. Je, mara hii anasoma vizuri?

Dickens hakuwa na hakika. Mwisho wa kwanza aliouandika uliwakutanisha kwa dakika chache tu mtaani London, Estella akiwa ameolewa na daktari, kisha kila mtu na njia yake. Rafiki yake, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, alimshauri aubadilishe, naye akabadilisha kabla ya kuuchapisha. Hata mwisho mpya haukutulia. Toleo la 1861 linafunga kwa Pip kusema kwamba aliona kivuli cha kutotengana kokote naye. Matoleo ya baadaye yanasema hakuona kivuli cha kutengana naye tena. Katika moja kivuli kipo, katika jingine hakipo. Na bado ni Pip anayesema alichokiona, Pip wa makaburini, Pip wa saa.

Fungua nakala yako, sentensi ya mwisho kabisa, uone imekupa kivuli kipi, kisha chukua kalamu zako mbili uamue ni rangi gani.